Steringi Akirudi na Mvi: Kati ya Picha Hizi Nne, Uanze na Ipi?

Mjomba wangu alikuja mjini kutibiwa goti. Akaambiwa akae wiki mbili ndipo aonwe tena, na wiki mbili za kukaa kwenye kochi, kwa mtu aliyezoea shamba, ni kifungo. Siku ya tatu akaniita.

"Mjomba, hebu niwekee picha. Lakini iwe na steringi ninayemjua mimi, siyo hawa watoto wenu."

Nikamwambia wote anaowajua yeye wamezeeka.

"Kwani mimi nimefanyaje?"

Nilikuwa na picha nne kwenye diski, zote mwendelezo wa picha za mapigano zilizojaza vibanda vya video enzi zake, na zote zilichelewa mpaka watu wakazisahau: Top Gun: Maverick ya 2022, Mad Max: Fury Road ya 2015, Indiana Jones and the Dial of Destiny ya 2023, na Terminator: Dark Fate ya 2019. Usiku ule tulikuwa na nafasi ya moja tu. Mimi nilishaziona zote, nyingine zaidi ya mara moja, na kumchagulia mzee kulinifanya nijiulize kwa nini mbili kati yake nazirudia na mbili nyingine sizirudii. Nayaandika hapa kwa yeyote atakayejikuta na jioni moja na mzee sebuleni. Nitataja yanayotokea ndani, kwa hiyo asiyetaka kujua aruke hadi mwisho, kwenye kuchagua.

Kiporo

Kusubiri kwenyewe hakulingani. Top Gun ya kwanza ilitoka 1986, na mwendelezo wake ukaja miaka 36 baadaye. Ulikuwa tayari mapema kidogo, korona ikafunga majumba ya sinema, nao wakaona bora picha ingoje kuliko kutolewa watu wakiwa wamejifungia. Mad Max ya tatu, ile aliyokuwemo Tina Turner, ni ya 1985; ya nne ikaja baada ya miaka 30. Indiana Jones alionekana 1981, 1984 na 1989, akarudi 2008 watu wakanung'unika, kisha akarudi tena 2023. Terminator ina hesabu ya ajabu zaidi. Katikati kuna picha za 2003, 2009 na 2015, lakini Dark Fate inajifanya hazikuwahi kuwepo. Inaruka kutoka ile ya pili ya 1991 moja kwa moja hadi 2019, kama mtu anayekuhadithia ndoa zake akaanzia ya kwanza na kumalizia ya sasa.

Mwendelezo uliochelewa namna hii ni kiporo. Wali wa jana ukiukaanga vizuri, kitunguu chako, moto wa taratibu, kuna watu wataacha wa leo wale huo. Ila mpishi hajifanyi kwamba ni wali wa leo. Anajua umekauka, anajua punje zimeachana, na anapika kwa kufuata hali hiyo. Anayeharibu ni yule anayemwaga maji ili uonekane mpya. Huo ndio mzani wangu kwa picha hizi: je, waliotengeneza wamekubali kwamba miaka imepita, na miaka hiyo imo ndani ya hadithi yenyewe?

Rubani na mwalimu wa chuo

Nianze na Maverick na Indiana Jones, kwa sababu kwa mbali zinafanana. Zote zina mwanamume mmoja, uso ule ule tuliouzoea, kazi yake inaelekea kwisha, na kijana pembeni anayemtazama kwa hasira. Zinapopishana ndipo somo lilipo.

Pete Mitchell, yaani Maverick, tunamkuta bado ni kapteni. Kapteni wa jeshi la majini si kapteni wa nchi kavu. Ni cheo kinacholingana na kanali, si haba. Lakini aliyeshindana naye darasani, Iceman, sasa ni admirali na ndiye mkuu wa kikosi cha majeshi ya majini cha Pasifiki. Katika pengo hilo la vyeo umeshasimuliwa miaka 36 bila mtu kukaa chini kukueleza. Unaelewa kwamba huyu bwana amegombana na kila mkubwa aliyepata kumpangia kazi, na kwamba ni mtu mmoja tu anayezuia asifukuzwe. Mtu huyo ni Iceman.

Halafu kuna Rooster, mtoto wa Goose. Goose ni yule rafiki aliyekufa katika picha ya kwanza akiwa kiti cha nyuma cha ndege ya Maverick. Mtoto amekua, naye ni rubani, na anamchukia Maverick kwa sababu aliwahi kuyaondoa maombi yake ya kuingia chuo cha jeshi, akapoteza miaka. Sasa Maverick anatakiwa awafundishe marubani kazi ambayo huenda baadhi yao wasirudi, na mmojawapo ni huyo. Hilo ni deni la 1986 na riba yake juu. Hapakuhitajika kubuniwa kovu jipya.

Kuna sini moja ya baa. Maverick ameshindwa kulipa bili ya raundi, vijana wa urubani ambao hawajamjua wanambeba juujuu na kumtupa nje kwenye mchanga. Anainuka, anajipangusa, anageuka kutazama dirishani. Ndani, Rooster amekaa kwenye piano anapiga wimbo ule ule baba yake alioupiga, na watu wamemzunguka wanaimba. Hapo picha inatuletea vipande vya mwaka 1986, vile vyenyewe, na rangi yake ya zamani. Mzee yuko nje ya dirisha, kijana yuko ndani, na kati yao kuna kioo. Sijui mara ngapi nimeirudia sini hiyo.

Na ile ya Iceman. Val Kilmer, anayemwigiza, mwenyewe alikuwa ameugua saratani ya koo, sauti ikamtoka, na akafariki Aprili 2025. Waliotengeneza wangeweza kumwacha nje ya picha, au kumfanya azungumze kwa ujanja wa kompyuta kwa muda wote ule. Badala yake Iceman naye ni mgonjwa. Maverick anamtembelea nyumbani, anaongea kwa mdomo, mwenzake anamjibu kwa kuchapa maneno kwenye skrini. Mtu anayechapa hana haraka, basi na sisi tunasubiri. Anamwambia ni wakati wa kuachilia. Mwishoni anainuka kitini, anasema maneno machache kwa sauti iliyokwaruzika, wanakumbatiana, kisha anamtania kama walivyotaniana ujanani: nani rubani hodari zaidi kati yao. Mle kibandani Iceman tulimhesabu kuwa ni adui. Picha ya pili inakuonyesha kwamba adui wa ujanani, mkizeeka pamoja, ndiye anayebaki kukulinda.

Sasa Indiana Jones. Nasema kwa haki: ndani ya Dial of Destiny kuna picha nzuri imefichwa. Harrison Ford, anayemwigiza Jones, alikuwa ametimiza miaka 80 mwaka mmoja kabla haijatoka. Hadithi yenyewe ni ya 1969, siku ambazo Marekani inashangilia kutua mwezini, na mzee Jones anaishi peke yake New York, mwanawe amekufa vitani Vietnam, mkewe ameondoka na karatasi za talaka zipo mezani. Anaamka na kaptula, anachukua rungu la mchezo wa besiboli, anakwenda kumgongea jirani anayepiga muziki asubuhi. Kazini siku hiyo hiyo anastaafu, wanampa saa ya zawadi, naye anaigawa kwa mtu wa kwanza barabarani. Dakika hizo kumi ni dhahabu. Mjomba angezielewa kila nukta.

Ila ili ufike hapo, unapitishwa kwanza kwenye dakika zaidi ya 20 za mwaka 1944, Ford amerudishwa ujana kwa kompyuta, anarukaruka juu ya treni. Uso ni wa kijana na sauti ni ya mzee. Sikio linajua. Na tangu hapo picha inaendelea kumfanya mzee wa miaka hiyo afukuzane na watu kwa bajaji mitaa ya Tangier na kwa farasi ndani ya vituo vya treni za chini ya ardhi, kana kwamba ile asubuhi ya kaptula haikutokea. Kuna mahali anakwea mwamba pangoni huku akilalamika bega, uti wa mgongo na kwamba ameshapigwa risasi mara tisa; watu walicheka, nami nilicheka. Lakini kisha anakwea tu. Maumivu yanatajwa, hayazuii kitu. Hayo ndiyo maji ndani ya kiporo.

Jambo la kufurahisha ni hili. Mwongozaji wa Maverick, Joseph Kosinski, naye aliwahi kufanya jambo hilo hilo. Mwaka 2010 alitengeneza Tron: Legacy, mwendelezo wa picha ya 1982, na humo akamrudisha Jeff Bridges ujanani kwa kompyuta. Wengi walikumbuka muziki na mataa kuliko watu. Miaka kumi na miwili baadaye, alipopewa mzee mwingine na kumbukumbu nyingine, hakugusa uso wa mtu. Alitumia vipande vya zamani, picha za ukutani na mtu aliyesimama nje ya dirisha. Siwezi kusema aliwaza nini, ila ukizitazama kazi hizo mbili usiku mmoja, utaona mtu aliyejifunza.

Usiniulie niliyemwokoa

Dark Fate ndiyo inayoniudhi, na inaniudhi kwa sababu ilikuwa na kila kitu. James Cameron, aliyeziongoza mbili za mwanzo, alirudi kama mtayarishaji. Linda Hamilton alirudi. Arnold Schwarzenegger, ambaye vibandani tulimwita Anodi tu, alikuwepo.

Kumbuka ile ya 1991 ilifanya nini. Mtambo uliokuwa muuaji katika picha ya kwanza ukageuzwa mlinzi wa mtoto, John Connor. Walichukua kitu tulichokiogopa 1984 wakatufanya tukililie kikizama kwenye chuma kilichoyeyuka, na hakuna hata kitu kimoja cha picha ya kwanza kilichofutwa. Hiyo kwangu bado ni namna bora ya kugeuza hadithi iliyowahi kufanyika katika picha za mapigano. Saa mbili na zaidi tulishika roho mkononi ili mtoto yule apone, akapona.

Dark Fate inaanza, dakika chache, mtambo unaingia kwenye mgahawa wa ufukweni na kumpiga John risasi. Amekufa. Kisha wanatuambia vita ile haikutokea, lakini imetokea nyingine inayofanana nayo, kuna mtambo mwingine na mkombozi mwingine. Kwa hiyo jasho lote la 1991 lilikuwa la bure. Mtu aliyekaa kwenye benchi la mbao kibandani, akalipa, akatoka akiwa amefarijika, miaka 28 baadaye anaambiwa fedha yake haikununua kitu.

Siyo kwamba kifo chenyewe ni dhambi. Sheria ya "steringi hafi" ilivunjwa zamani. Gladiator ya 2000 ilimuua steringi wake na ikapendwa hadi leo. Mwendelezo wa 2024 haukumfufua wala haukumdhalilisha, ukamfuata mtoto aliyemwona akifa, na Denzel Washington akawafunika wote. Independence Day ilirudi 2016 baada ya miaka 20 bila Will Smith, wakatuambia tu kwamba mhusika wake alikufa kwenye majaribio ya ndege, na biashara ikaishia hapo. Tofauti ni kama kifo kinalipa deni la hadithi au kinafuta risiti.

Na bado, Linda Hamilton, yaani mama yake John! Anaingia kwenye daraja, mvi kichwani, anashuka garini na bunduki kubwa, halafu na bomu la kurusha begani, na huna swali kwamba mwanamke huyu amefanya kazi hiyo kwa miaka yote ile. Simu yake anaihifadhi ndani ya pakiti ya krispi ili isifuatiliwe. Kila baada ya muda anapokea meseji kutoka kwa asiyemjua ikimwonyesha mahali mtambo mwingine utakapotua, anakwenda, anauua. Baadaye inakuja kujulikana anayetuma meseji hizo ni Anodi mwenyewe, yaani mtambo ule ule uliomuua mwanawe, ambao sasa unaishi Texas na familia na unauza mapazia. Mapazia! Unamshauri mteja rangi ya chumba cha mtoto. Katika picha nyingine kichekesho hicho kingekuwa kitamu kweli, maana kipo pale pale kwenye swali la nini miaka inamfanyia muuaji. Lakini kila ukitaka kucheka unamkumbuka John.

Vumbi

Fury Road inacheza mchezo wake peke yake. Kwanza, steringi hayupo. Mel Gibson hakurudi, nafasi ya Max ikachukuliwa na Tom Hardy. Kwa mzani wangu wa miaka, picha hii ilipaswa kuanguka, kwa kuwa Max wake hajazeeka hata siku moja. Haikuanguka, nami ilibidi nifikiri upya.

Aliyezeeka ni mtu aliye nyuma ya kamera. George Miller, daktari wa Australia aliyeanza mfululizo huu 1979, alikuwa na miaka 70 ilipotoka. Miradi ilianza na kukwama tangu miaka ya 2000 mwanzoni. Walipanga kupiga picha kwenye jangwa la nchi yao, mvua zikanyesha, jangwa likaota maua, wakahamishia kila kitu Namibia. Kwa hiyo jangwa unaloliona ni la kwetu Afrika, Namib, na vumbi ni vumbi. Kabla ya hapo hadithi ilishachorwa kwa michoro ipatayo 3,500 badala ya kuandikwa kama mchezo wa kawaida. Miaka ya kusubiri ilikwenda huko, kwenye michoro na kwenye magari, na inaonekana.

Kuna watu wanaoning'inia kwenye nguzo ndefu zilizofungwa juu ya magari yanayokimbia, nguzo zinapinda kama mnazi kwenye upepo wa kusi, wanashuka juu ya lori na kunyakua mtu. Ni watu kweli, nguzo kweli, magari kweli yakitembea. Kompyuta ilisafisha kamba na kuongeza dhoruba, lakini uzito ni wa kweli, na jicho linaujua uzito kama sikio linavyojua sauti. Mhariri alikuwa Margaret Sixel, mke wa Miller, ambaye hakuwa amewahi kuhariri picha ya mapigano. Alipewa takribani saa 480 za picha zilizorekodiwa, akatoa saa mbili, akachukua Oscar. Picha nzima ilichukua sita.

Na Max? Kuna sini ya usiku kwenye matope. Gari la adui linakuja, risasi zimebaki chache, Max anapiga bunduki ya masafa anakosa, anapiga tena anakosa, imebaki moja. Nyuma yake amesimama Furiosa, yaani Charlize Theron, mkono mmoja. Max hasemi kitu. Anampa bunduki, na kumwazima bega lake aweke mtutu. Steringi amekuwa kigoda cha kuegemezea bunduki ya mtu mwingine! Furiosa anapiga, anapata. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Miller naye amekiri miaka imepita, ila kwa njia yake. Dunia ya Max ilikuwa ya mwanamume mmoja na gari lake. Miaka 30 baadaye swali si kama bado anaweza kulenga. Ni kama anaweza kumpisha anayelenga vizuri zaidi.

Maverick nayo ina uzito huo. Waigizaji walifunzwa kwa miezi, wakianzia ndege ndogo, mpaka wakakalishwa kiti cha nyuma cha ndege ya kivita ya F/A-18 huku marubani wa jeshi wakiendesha mbele. Kamera sita zilifungwa ndani ya chumba cha rubani, na mwongozaji hakuwa na pa kukaa, kwa hiyo huko juu mwigizaji mwenyewe ndiye aliyewasha kamera, akajitazama kama yuko sawa, akaigiza. Nyama za mashavu zinapovutwa chini, zinavutwa kweli. Tom Cruise, ndiye Maverick, alikuwa na zaidi ya miaka 55 wakati huo. Ng'ombe hazeeki maini.

Hela

Kwa ufupi, maana hela si ushahidi wa utamu. Maverick ilikusanya karibu dola bilioni 1.5 duniani kwa gharama ya milioni 170 hivi. Indiana Jones iligharimu karibu milioni 300 na ikakusanya kama milioni 384, na ukikumbuka kwamba majumba ya sinema hubaki na karibu nusu, ni hasara. Dark Fate ilikusanya kama milioni 261, nayo hasara. Fury Road, kama milioni 380 kwa gharama ya milioni 150 na zaidi, haikutajirisha. Ukifuata hela peke yake utadhani Fury Road na Indiana Jones ni picha za daraja moja. Si kweli hata kidogo.

Basi uchague ipi

Kama mnaotazama mmoja aliona picha ya zamani na wengine hawakuiona, weka Maverick. Inajitosheleza, anayejua anapata machozi, asiyejua anapata ndege. Ni saa mbili na dakika kumi, watoto wakubwa kidogo wanaweza kukaa, na hakuna sini ya kukufanya uruke kutafuta rimoti mbele ya mkweo. Kuna lawama moja: adui hana jina, nchi yake haina jina, sura hazionekani chini ya helmeti. Ni woga wa kibiashara. Utaisamehe au hutaisamehe.

Kama uko peke yako, au na rafiki anayependa sinema kama sinema, na una spika nzuri, weka Fury Road. Huhitaji kujua lolote la nyuma, maana haiendelezi tukio lolote mahsusi la zile tatu. Usiweke mbele ya watoto wadogo, ina ukatili na ina wanawake waliofanywa mali. Na usiitazame kwenye simu. Nimejaribu, kwenye basi la mkoani. Ni kama kunywa supu kwa uma.

Indiana Jones iweke siku ya mvua, ukiwa na saa mbili na nusu za kupoteza na mtu anayempenda Harrison Ford kuliko hadithi. Mwisho wake, pale mkewe anaporudi na wanaulizana wapi pasipouma, unalipa sehemu kubwa ya ile treni.

Dark Fate itazame kwa ajili ya Linda Hamilton tu. Ikiwezekana anza baada ya sini ya kwanza. Nasema kweli, ruka dakika zile, uone kama haiwi nzuri zaidi.

Usiku ule

Niliweka Maverick. Mjomba alinyoosha mguu juu ya stuli, mto chini ya goti. Ile ya kwanza aliiona Tanga, kibandani, kwenye kanda iliyochoka, na aliyekuwa akitafsiri kwenye maiki alikuwa kijana wa mtaani tu. Dar walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, wao walikuwa na huyo. Kwa mjomba, kwa hiyo, Tom Cruise ana sauti ya Kitanga.

Wanangu wawili walikuja wakakaa chini. Kwenye sini ya dirisha, vipande vya zamani vilipopita, mdogo akauliza, "Babu, huyo mwenye masharubu ni nani?" Mjomba akashusha mguu. Akaanza kueleza, mwanzo kwa upole, kisha sauti ikapanda, mikono ikaingia kazini, ndege ikazunguka, Goose akavuta kamba ya kujirusha, kioo cha juu kikamgonga. Wajukuu waliacha kutazama skrini wakamtazama yeye. Nikasimamisha picha, nikamwacha amalize picha ya kwanza yote, ndipo tukaendelea na ya pili.

Ilipokwisha, watoto wakaenda kulala. Mjomba akabaki anatazama majina yanavyopanda.

"Miaka yote ile bado kapteni," akasema. "Mbishi yule." Kisha akauliza, "Na yule mgonjwa, mwenye kuandika. Alikuwa anaigiza?"

"Hapana, mjomba. Alikuwa anaumwa kweli."

Akanyamaza kidogo.

"Hebu nirudishie pale."

Nikarudisha hadi pale anapoinuka kitini.